Kurudi Shule Ukubwani: Mwongozo Kamili kwa Uliyeahirisha Kidato cha Nne Miaka Mingi

Kila Januari huja mtu mlangoni kabla wanafunzi hawajafika, akasimama pembeni ya ubao wa matangazo kama anayesubiri daladala. Nikimsalimu, anauliza ada. Nikimwuliza anayetaka kusoma ni nani, anajibu, "Mdogo wangu." Mdogo wako ana miaka mingapi? Hapo anacheka, anaangalia viatu.

Nimefundisha madarasa ya jioni miaka mingi, na siku hizi nikisikia "mdogo wangu" navuta kiti. Huyo mdogo ana miaka 36 na watoto watatu. Anauza vitenge au anaendesha bajaji, na tangu amalize darasa la saba hajapitisha Desemba bila kujiambia kuwa mwakani anarudi shule.

Wengi huishia pale mlangoni. Wengine hulipa, wakaja wiki tatu, wakapotea. Wengine hufika hadi Agosti. Ninaowaona wakishindwa kwa sababu ya akili ni wachache mno. Waliobaki huanguka mahali pale pale, mwaka hadi mwaka, kama watu wanaojikwaa kwenye kisiki kimoja. Nimeviandika visiki hivyo kwa mpangilio wake. Mitihani na ofisi nitakazozitaja ni za Tanzania. Aliye Kenya au Uganda atabadilisha majina, aibu ni ile ile.

## Vitu vya kuweka mezani kwanza

Karatasi za jina lako. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa cha NIDA, cheti cha darasa la saba kama kipo, na kama uliwahi kufanya mtihani wa kidato cha pili, namba yako ya mtihani ule. Zipange pamoja usome jina herufi kwa herufi. Mtu shuleni aliandikwa Hamis, kwa RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, ni Hamisi, NIDA wakamwongezea la babu. Anza kulishughulikia sasa. Tofauti ndogo mara nyingi humalizwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili, kubadili jina kabisa kuna utaratibu wake mrefu zaidi. Jina utakalosajiliwa nalo ndilo litakalochapwa kwenye cheti, na nimeona watu wakilia mbele ya dirisha la ajira kwa sababu ya "i" moja.

Fedha za mafungu manne. Ada ya mtihani, ada ya kituo, nauli, na kuchapa karatasi. Watu hupiga hesabu ya mawili ya kwanza wakaona wanaweza. Nauli ndiyo muuaji wa kimya. Ukitumia shilingi 1,200 kwenda na kurudi, siku nne kwa wiki, kwa wiki 40, ni shilingi 192,000. Kama huna uhakika na fungu hilo, tafuta kituo unachoweza kukifikia kwa miguu hata kama walimu wake hawana sifa kubwa mtaani.

Saa kumi kwa wiki. Saa nane darasani na mbili peke yako ni kima cha chini. Hatua ya saba itakuonyesha pa kuzipata.

Kaunta buku moja kubwa na mitihani iliyopita. Usinunue vitabu kumi wiki ya kwanza. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao ambako vitabu vya kiada husomwa bure kwa simu. Ila uliza kwanza unasoma muhtasari upi: mtaala ulioboreshwa umeanza kuingia sekondari miaka ya karibuni, kwa hiyo vitabu vya mitumba unavyouziwa kando ya barabara vinaweza kuwa vya muhtasari unaoondoka.

Shahidi mmoja. Huyu nitamweleza mbele. Bila yeye usianze.

## Hatua ya 1: Andika cheti ni cha nini

Chukua ukurasa wa kwanza wa kaunta buku uandike sentensi moja: nataka kidato cha nne ili nifanye jambo gani. "Nataka kuendelea" haitoshi. "Nataka kusomea uuguzi" inatosha. "Nataka niache kuficha fomu za shule ya mtoto wangu pale panapoulizwa elimu ya mzazi" inatosha kabisa, na mwanamke aliyeandika hivyo darasani kwangu hakukosa hata wiki moja.

Sababu ya hatua hii ni ya vitendo. Masomo utakayochagua yanategemea unakokwenda. Vyuo vingi vya ngazi ya cheti huhitaji ufaulu wa angalau D nne, masomo ya dini hayahesabiwi. Kozi nyingi za afya hutaka Baiolojia, Kemia na Fizikia ziwemo. Anayewaza kidato cha tano anahitaji C, tena katika masomo ya tahasusi yake, yaani mchepuo atakaousoma. Nimeona dada mmoja akipata D sita za sanaa kwa jasho la miaka miwili, kisha akagundua uuguzi haumfungulii mlango. Hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi, mimi nikiwemo.

Herufi zenyewe, ili usitishwe na watu: A huanzia alama 75, B 65, C 45, D 30. Chini ya 30 ni F. Kumbuka hiyo 30, tutairudia.

*Umefaulu hatua hii ukiwa na:* sentensi moja, na orodha ya masomo inayotokana nayo.

## Hatua ya 2: Jua mlango wako

Kuna milango kadhaa na watu hupanga foleni kwenye mlango usio wao.

Kama uliishia darasa la saba, au uliacha sekondari kabla ya kufaulu kidato cha pili, unaanza na Mtihani wa Maarifa, ule unaoitwa na wote QT. Ukifaulu huo ndipo unapata sifa ya kusajiliwa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, yaani asiye mwanafunzi wa shule.

Kama ulifaulu kidato cha pili kisha ukaacha, ruka QT, nenda moja kwa moja kidato cha nne. Watu husahau hili wakapoteza mwaka mzima.

Kama ulifanya kidato cha nne ukapata daraja sifuri, yaani kufeli, unarudia masomo. Wewe ndiye mwenye kazi ndogo kuliko wote na ndiye mwenye aibu kubwa kuliko wote. Sijui kwa nini iko hivyo, lakini iko hivyo.

Kama wewe ni binti uliyeacha miaka ya karibuni kwa sababu ya ujauzito, usije kwetu kwanza. Tangu Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi wa namna hiyo kurudi katika shule za kawaida. Nenda ofisi ya elimu ya wilaya yako ukaulize, na uulize pia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo ina ofisi mikoani na imekuwa ikiendesha mpango wa sekondari kwa mabinti walioacha shule. Huko gharama ni ndogo kuliko kwenye vituo vya watu binafsi.

Anayeanzia QT apange miaka miwili. Mwaka wa kwanza unafanya QT Novemba, matokeo hutoka Januari, unajisajili kidato cha nne mwaka huo huo, unafanya Novemba inayofuata. Tahadhari: yeyote anayekuahidi QT na kidato cha nne katika Novemba moja anataka hela yako.

## Hatua ya 3: Mwambie mtu mmoja, wa pili usimwambie

Hapa ndipo kisiki cha kwanza kilipo. Watu hukosea kwa njia mbili: kuficha kabisa, au kutangaza kwenye stetasi ya WhatsApp.

Anayeficha huacha bila mtu kujua, na hilo hufanya kuacha kuwe rahisi mno. Anayetangaza hupokea pongezi sabini siku ya kwanza, "hongera dada, Mungu akutangulie", akalala ameshiba kama aliyekwisha hitimu. Ikifika Machi, kila anayekutana naye sokoni anamwuliza shule inaendeleaje, na kila swali ni mzigo.

Shahidi wako awe na sifa tatu. Hasemi mambo ya watu. Ana simu inayopatikana. Na wewe unamwonea haya kidogo, yaani ukimdanganya utajisikia vibaya. Shangazi ni mzuri. Mteja wako wa siku zote ni mzuri. Rafiki mnayecheka naye kila kitu, hapana, mtacheka na hili pia.

Mpe kazi iliyo wazi: "Kila Ijumaa jioni nipigie, niulize swali moja tu, wiki hii nimehudhuria siku ngapi." Asikushauri, asikuhubirie.

### Mwenza wako

Huyu hahesabiki kuwa shahidi, huyu ni mwenye nyumba mwenzako, lazima ajue. Wanawake wengi hukosea kwa kumpelekea mume ndoto nzima usiku mmoja: nataka kusoma, nataka niwe mtu, umri unakwenda. Mume anasikia kitu kingine kabisa, anasikia kwamba maisha yake hayamtoshi mkewe. Mpelekee ratiba badala yake:

"Baba Rehema, kuanzia Jumatatu ijayo mpaka Alhamisi nitakuwa narudi saa mbili na nusu usiku. Chakula nitakuwa nimeshapika mchana, ni kupasha tu. Mtoto naomba umwogeshe wewe siku hizo nne. Ni mpaka Novemba."

Swali analobaki nalo ni kuogesha mtoto, na swali hilo lina jibu. Akikataa, uliza anakataa saa au anakataa shule. Kama ni saa, badilisha kituo. Kama ni shule yenyewe, tafuta mtu mzima wa upande wake anayemheshimu, umtangulize huyo. Anayelazimisha kimyakimya, kwa kudanganya kuwa anakwenda kikoba, hugundulika kabla ya Pasaka, na hapo ugomvi unakuwa wa uongo wala si wa shule.

Wanaume wana kisiki chao, nacho ni watoto. Dereva mmoja wa bajaji alikuwa akijificha stoo na daftari la hesabu kwa sababu binti yake yuko kidato cha pili na anafanya mada zile zile. Nilimwambia ampelekee swali moja lililomshinda, amwombe amwelekeze. Alikawia wiki tatu. Siku aliyojaribu, binti alimfundisha hadi saa tano usiku, akampa na zoezi, akalisahihisha kwa kalamu nyekundu. Alipata mbili ya tano. Alinionyesha ile karatasi kama mtu anayeonyesha picha ya harusi.

### Maneno ya mtaani

Utaitwa ngumbaru, hilo halikwepeki. Andaa jibu moja fupi ulirudie bila kubadilisha sauti: "Ndiyo, na Novemba nina pepa." Mtani akikosa hasira ya kuchezea huchoka.

Na watakuletea mfano wa mzee Kimani Maruge wa Kenya, aliyeingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya elimu ya msingi kufanywa bure kule. Ni mfano mzuri, mimi mwenyewe nimewahi kuutumia. Lakini mzee wa watu hakuwa na rejesho la mkopo la kila wiki wala mtoto wa miezi saba. Ukijilinganisha naye utajiona mvivu bure. Jilinganishe na wewe wa Januari iliyopita.

*Umefaulu hatua hii ukiwa na:* shahidi mmoja, mwenza anayejua saa zako, na simu isiyo na tangazo lolote.

## Hatua ya 4: Nenda kituoni mwenyewe

Usipige simu wala usimtume mtu. Simu hukatika na ukiikata umeshajipa sababu. Nenda na ukurasa wa maswali, maana mwenye karatasi mkononi haonekani mwoga, anaonekana mkaguzi:

1. Mtihani tunafanyia kituo gani, na namba yake ni ipi? Matokeo huwekwa hadharani kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani kwa namba ya kituo. Rudi nyumbani uyaangalie ya mwaka jana.
2. Mwalimu wa hesabu anakuja siku ngapi kwa wiki? Ukijibiwa "atapatikana", ondoka.
3. Anayesoma sayansi anafanyia wapi vitendo? Maabara uione kwa macho.
4. Nikipata msiba wiki mbili, nayafidiaje masomo? Kituo cha watu wazima kisichokuwa na jibu la swali hili hakijawahi kufundisha watu wazima.
5. Ada inalipwa kwa awamu ngapi?

Tahadhari. Kimbia ukisikia "cheti tutakutafutia", "kuna mtu wetu kule", au "ada ya mtihani mpe huyu kijana mkononi".

Mlangoni utaona vijana wa miaka kumi na nane waliokuja kurudia masomo. Watakuamkia "shikamoo" wakidhani wewe ni mwalimu. Itikia "marahaba", kisha waambie umekuja kusoma. Sekunde kumi zinazofuata ndizo ngumu kuliko pepa lolote. Nimetazama nyuso nyingi katika sekunde hizo, na nakuambia vijana hawakucheki. Wanashangaa kidogo, halafu wanakuuliza una chaja ya simu.

*Umefaulu hatua hii ukiwa:* umetamka kwa mdomo wako, "Ni mimi ninayetaka kusoma."

## Hatua ya 5: Jisajili mapema

Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea huanza mwanzoni mwa mwaka, Januari, na anayechelewa hulipa faini, akichelewa zaidi hukosa kabisa. Nenda kituo cha mtihani, pata kontro namba ya malipo, lipa kwa benki au simu, kamilisha fomu ya mtandaoni na picha ya pasipoti. Hakikisha mwenyewe jina, tarehe ya kuzaliwa na masomo kabla fomu haijatumwa. Risiti ipige picha umtumie shahidi.

Kuna wanaosema wasome kwanza, wakiwa tayari ndipo wajisajili. Katika miaka yangu yote sijamwona aliyekuwa tayari.

## Hatua ya 6: Wiki sita za Kiingereza na hesabu

Hiki ndicho kisiki kikubwa, na ni cha haki kukiogopa. Ulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sasa karibu kila pepa ni kwa Kiingereza. Mtu anaijua malaria kuliko mwalimu, ameiuguza kwa watoto watatu, lakini swali linamshinda kwa sababu hajui linataka nini.

Usianze na kitabu cha sarufi. Anza na maneno ya kuamrisha yanayorudi katika kila pepa, ambayo hayafiki hata ishirini. "Define" inataka maana, sentensi moja. "Mention", "list" na "outline" zinataka hoja, moja kwa kila mstari, bila hadithi. "Explain" na "describe" zinataka hoja pamoja na maelezo yake. "Differentiate" inataka vitu viwili viwekwe ubavu kwa ubavu. "Discuss" ni insha. Yaandike ukutani jikoni. Anayeyajua haya kwa moyo huacha kumwaga ukurasa mzima mahali palipotakiwa mistari minne.

Kisha fanya hivi kila siku kwa wiki sita:

Chukua swali moja la mtihani uliopita. Linakili. Pigia mstari neno la kuamrisha. Lijibu kwa Kiswahili kwanza, kwa maneno yako. Halafu geuza jibu liwe Kiingereza cha sentensi fupi fupi, kila moja yenye mtendaji, kitendo na nukta mwishoni. "Malaria is caused by plasmodium. It is spread by female anopheles mosquito." Kiingereza cha kupendeza utakitafuta siku nyingine.

Maneno kumi mapya kwa siku yaingie kaunta buku, kutoka kwenye swali hilo hilo. Kwa siku 42 ni maneno 420, na ukifungua pepa la Baiolojia utashangaa mangapi unayafahamu.

Yasome kwa sauti. Wengi hawataki kwa sababu watoto watacheka. Wacha wacheke, mradi wakusahihishe.

### Hesabu

Fundi cherehani anayekata magauni mawili kutoka mita tatu na nusu anafanya sehemu kila siku. Mama wa kikoba anayejua laki mbili kwa asilimia kumi ni shilingi ngapi anafanya asilimia kichwani haraka kuliko mwalimu wake. Kinachomtisha ni herufi "x". Kwa hiyo anza na unachokifanya kwa mkono, uandike kwa alama za darasani, halafu ndipo uguse "x".

Ikumbuke ile 30. Katika Basic Mathematics huna deni la kujua kila mada. Chagua chache zisizodai msingi mrefu, kama seti na takwimu, uzijue mpaka uzifanye ukiwa na usingizi. Mwanafunzi anayegusa mada zote juu juu hupata 14. Anayezijua tano vizuri ana njia ya kufika 30.

*Umefaulu hatua hii ukiwa:* unaweza kusoma swali usilowahi kuliona na kusema linataka nini, hata kama jibu hulijui.

## Hatua ya 7: Saa kumi zinakotoka

Andika wiki moja kama ilivyo, bila kuipamba. Saa ulizokaa dukani bila mteja. Saa za foleni. Saa za tamthilia. Hazitoki kwingine ila hapo.

Wenye watoto wadogo hufaulu zaidi alfajiri, saa kumi na moja hadi kumi na mbili, kabla nyumba haijaamka. Usiku utajidanganya: mtu aliyesimama kutwa sokoni hasomi saa nne usiku, anaangalia kitabu. Mwezi wa Ramadhani hamishia baada ya daku. Msimu wa kupalilia, wa mashambani apunguze hadi saa sita kwa wiki na awaambie walimu mapema.

## Hatua ya 8: Shimo la Julai na Agosti

Jaribio la kwanza kubwa hufanyika hapa. Mtu aliyekuja kila siku tangu Januari anapata alama 18 ya Historia. Anakunja karatasi mara nne, anaitia kwenye pochi, kesho hayupo. Nikimpigia, mtoto anaumwa. Wiki inayofuata ana mgeni.

Jua hili kabla halijakufika: alama ya kwanza ya mtu mzima karibu daima ni mbaya, kwa sababu hajakaa saa nyingi mfululizo akiandika kwa mkono tangu utotoni. Vidole vinauma, muda unaisha akiwa swali la nne. Nusu ya sababu ya ile 18 ni ugeni wa kuandika. Dawa yake ni kufanya pepa zima nyumbani kila Jumamosi ukiwa na saa mbele yako, kwa wiki nne.

Weka kanuni tatu sasa, ukiwa na akili tulivu:

Karatasi yenye alama mbaya inarudi darasani kesho yake. Unakaa na mwalimu mnasahihisha swali moja tu.

Ukikosa siku tatu mfululizo, shahidi anakuja nyumbani, hapigi simu tena.

Uamuzi wa kuacha haufanywi usiku, wala wiki ya msiba, wala siku uliyogombana na mtu. Unafanywa asubuhi, mbele ya shahidi, ukiwa umesoma ile sentensi ya ukurasa wa kwanza. Kuna wanaoacha hata hivyo, mmoja aliacha kwa sababu mama yake alipooza na hakuna mwingine wa kumgeuza kitandani. Huyo sikumshawishi. Alirudi baada ya miaka miwili na kaunta buku lile lile.

## Hatua ya 9: Novemba

Mitihani husambaa kwa wiki kadhaa. Ratiba ikitoka, omba ruhusa kazini au tafuta wa kukukalia dukani kwa siku zenye pepa. Fika kituoni mapema, na kitambulisho, kalamu mbili, bila simu hata iliyozimwa.

Usiku wa kuamkia pepa utatumiwa ujumbe wa "mtihani umevuja". Usifungue, usilipe. Wanaokamatwa hufutiwa matokeo, na wewe huna miaka mingine miwili ya kuchezea.

Ndani, dakika tano za kwanza usiandike kitu. Soma pepa lote, weka alama kwenye maswali unayoyajua, anza na hayo.

## Hatua ya 10: Siku ya matokeo

Watu wazima huogopa siku hii kwa sababu moja wasiyoisema: mtaa mzima utaona. Hautaona. Orodha ya matokeo ya kidato cha nne inaonyesha namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, daraja na alama za masomo. Jina halimo. Namba za watahiniwa wa kujitegemea huanza na herufi P, na asiyekuwa na namba yako hawezi kukutafuta. Mpe shahidi wako peke yake.

Soma masomo kabla ya daraja la jumla. Pointi huhesabiwa katika masomo saba bora, A ni 1 na F ni 5. Daraja la nne ni pointi 26 hadi 33. Mwenye daraja la nne na D nne za masomo sahihi ameshafika alikotaka, wakati mwenye sifuri na D ya Kiswahili amebakiza masomo matatu tu kuyarudia, hayarudii yote. Ndiyo maana ile sentensi ya ukurasa wa kwanza isomwe tena siku hii, pembeni ya matokeo.

Matokeo hutoka Januari, na usajili wa watahiniwa wa kujitegemea nao huanza Januari. Kama kuna somo la kurudia, njoo wiki hiyo hiyo, asubuhi, kabla wanafunzi hawajafika. Ukimkuta mtu amesimama pembeni ya ubao wa matangazo akiulizia ada ya mdogo wake, msogelee wewe, mimi nitakuwa nafagia darasa.